Brashi za nywele asilia kwa michoro midogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wachoraji wa Unguja na Pemba

Ukurasa huu ni wa wachoraji wa kwetu wanaotaka kuchora kitu kidogo kikaonekana safi: misumari ya shaba kwenye mlango wa Mji Mkongwe, kope za jicho, kamba za jahazi, mshipa wa jani la mkarafuu. Wapo wanaoanza leo na wapo wanaokula kwa brashi. Majibu yameandikwa kwa kuangalia mfuko wa mtu wa kawaida na hewa yetu ya bahari, maana vitabu vingi vya uchoraji vimeandikwa na watu wa nchi kavu na za baridi.

Kwa nini nitafute nywele za mnyama? Za plastiki si rahisi zaidi?

Ni rahisi zaidi, na kama unatumia rangi ya akriliki nakushauri ununue hizo hizo za plastiki. Akriliki ikishakauka ndani ya brashi haitoki tena. Inaganda kwenye shina la nywele, inazitawanya, na ncha inakufa. Ni hasara kubwa kuitia brashi nzuri ya manyoya humo.

Kwa rangi ya maji na wino mambo yanageuka. Unywele wa mnyama una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, na hayo ndiyo yanayoshika maji. Uzi wa plastiki ni laini mtupu, kwa hiyo ncha ikigusa tu karatasi rangi inateremka kwa wingi, unapata doa mahali ulipotaka mstari. Halafu unywele asilia umechongoka wenyewe tangu kwa mnyama. Ncha ya plastiki hutengenezwa ichongoke, na baada ya muda hupinda pembeni isirudi.

Nataka kuchora vitu vidogo sana. Nichukue 000 au 00?

Mara nyingi si hii wala ile. Namba hizo ni za ukubwa wa brashi, na sifuri zikizidi brashi inakuwa nyembamba zaidi. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa, kwa hiyo nieleze kwa kirefu.

Brashi ya 000 ina nywele chache mno. Haina pa kuwekea maji. Ukiichovya, ukaiinua, ukaipeleka kwenye karatasi wakati wa kaskazi, tena feni inazunguka juu yako, rangi imeshaanza kukauka kabla hujagusa. Unachora kipande kidogo, unachovya tena, unachora kipande kingine. Mstari unakuwa wa viraka, na kila kiraka kina kivuli chake.

Chukua namba 2 yenye ncha kali. Kinachogusa karatasi ni ncha, si tumbo. Tumbo liko juu, limejaa rangi, linaishusha kidogo kidogo kuelekea nchani. Tazama ule mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu za milango yetu. Kwa namba 2 nzuri unaweza kuuteremsha kuanzia juu hadi kizingitini, pete baada ya pete, kwa kuchovya mara moja tu, na pete ya mwisho ikawa na rangi ile ile ya kwanza. Ukitaka upande mmoja wa pete uwe mnene unakandamiza kidogo, nywele zinafunguka. Ukilegeza mkono zinarudi. Hilo 000 haliwezi, kwa sababu halina cha kukandamiza.

Tena namba si kipimo cha dunia nzima. Kila kiwanda kina chake. Sifuri ya kiwanda kimoja inaweza kuwa nene kuliko moja ya kiwanda kingine, na za Ulaya na za Japani hazilingani. Usiagize kwa namba peke yake kama hujawahi kuiona brashi ya kiwanda hicho. Tazama urefu wa nywele na upana wake kwa milimita, kama vimeandikwa.

Kuna aina gani za nywele, na ipi inafaa kwa ncha?

Nitaanza na ya juu. Kicheche wa Siberia ndiye anayetoa nywele zinazoitwa Kolinsky, na zinatoka mkiani, kwenye manyoya ya majira ya baridi. Zina mambo mawili ambayo hupatikana pamoja kwa nadra: zinashika maji mengi, na ukizikunja zinarudi zenyewe kwenye ncha. Brashi zilizoandikwa "Red Sable" ni za jamaa zake kicheche huyo, bei nafuu kidogo, na zinafanya kazi nzuri. Kama pesa ipo ya moja, anza hapo.

Kindi ni laini sana na hunywa maji mengi, lakini hana nguvu ya kurudi. Ukichora mstari, ncha inabaki imeinama upande ulioielekeza. Mweke kwa mawingu na bahari. Nywele za mbuzi ni hivyo hivyo, tena zaidi.

Nywele za sikio la ng'ombe zina nguvu, zinadumu, ila ncha yake ni butu ukilinganisha na kicheche. Wanaoandika maandishi ya vibao na majina ya vyombo wanazipenda kwa brashi bapa. Wakati mwingine hutiwa rangi nyekundu zifanane na za kicheche na kuuzwa kwa jina la "Sabeline", basi ukiliona jina hilo jua unanunua ng'ombe. Si vibaya, mradi ulipe bei ya ng'ombe.

Farasi mdogo, ambaye kwenye mpini huandikwa "Pony", ndiye yuko kwenye brashi nyingi za watoto wa skuli. Kwa kazi ndogo hafai kabisa.

Na ile iliyoandikwa "Camel" haina unywele hata mmoja wa ngamia. Ni mchanganyiko wa kindi, mbuzi, farasi au ng'ombe, kulingana na kiwanda kilichopata nini.

Mbona za Kolinsky ni ghali hivyo?

Mnyama ni mdogo, mkia ni mdogo, na kazi ni ya mikono. Mtengenezaji hupanga nywele ncha kwa ncha, kisha huondoa moja moja zilizopinda. Hakati ncha hata siku moja, kwa sababu unywele ukikatwa umepoteza ule uchongo wa asili ambao ndio thamani yote. Kampuni ya Uingereza ya Winsor & Newton ilianza kutengeneza Series 7 mwaka 1866 kwa agizo la Malkia Victoria, na namba 7 ndiyo aliyokuwa akiipenda. Mpaka leo watu hulinganisha brashi nyingine na hizo.

Huhitaji kufika huko.

Kuna njia ya kupata nywele hizo kwa bei nafuu?

Ipo, na nashangaa haisemwi zaidi. Wachina wana brashi za kuandikia zenye mpini wa mwanzi, ambazo kwa Kiingereza huuzwa kama za nywele za mbwa mwitu, yaani "Wolf". Mbwa mwitu hayumo. Ni mkia wa kicheche. Brashi hizo, hasa nyembamba wanazotumia kuchorea maua na nyuso, zina ncha ya kuaminika na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na za Ulaya. Nywele zake ni ndefu kidogo, kwa hiyo mkono utahitaji siku chache kuzizoea. Zishike wima, ncha ikitazama karatasi moja kwa moja, utaona jinsi mstari unavyotulia.

Watu wetu wanaokwenda China kufuata bidhaa ni wengi, na brashi haina uzito. Muagize mtu unayemjua, mtumie picha ya ile unayoitaka.

Nikiwa dukani nitaijaribuje?

Omba maji. "Samahani kaka, naomba maji kidogo niijaribu hii." Muuzaji akikataa kabisa, nenda duka jingine.

Brashi mpya hupakwa gundi kidogo ili ncha ikae safarini, kwa hiyo ncha unayoiona ikiwa kavu si ncha yake ya kweli. Usiikandamize kwa kidole ikiwa bado ngumu, utavunja nywele. Itie majini, izungushe taratibu mpaka gundi iyeyuke yote na nywele ziwe huru. Sasa itoe na uikung'ute mara moja kwa kifundo cha mkono, bila kuigusa kwa kidole wala mdomo. Nzuri itajikusanya yenyewe kwenye ncha moja. Ikibaki na ncha mbili, au unywele mmoja ukatoka pembeni, rudisha. Jaribu nyingine ya namba ile ile, maana hata kwenye boksi moja hazilingani.

Kisha iguse kwenye ukucha wako wa kidole gumba, ikunje kidogo, iachie. Inatakiwa inyooke.

Mwisho angalia shingo, lile bati linaloshika nywele. Lisiwe na mshono ulio wazi, lisicheze kwenye mpini. Bati la chuma cha kawaida kwa hewa yetu hupata kutu upesi, na kutu hiyo inatia doa la kahawia kwenye rangi ya maji. Shaba iliyopakwa nikeli ni salama.

Nitajuaje kama ni nywele kweli, si plastiki iliyopakwa rangi?

Chomoa unywele mmoja, uushike kwa koleo la kutolea nyusi, uupitishe kwenye moto wa kiberiti. Wa mnyama utanuka nywele zilizoungua na utaacha majivu yanayosagika kati ya vidole. Plastiki inayeyuka, inajikusanya kuwa kijipunje kigumu. Fanya nyumbani kwa ile uliyokwisha kuinunua. Ukijua duka hilo linauza nini, utajua kama urudi.

Mimi ni Muislamu. Je, brashi hizi zina nywele za nguruwe?

Baadhi zinazo. Brashi ngumu nyeupe au za rangi ya maziwa zinazouzwa kwa rangi ya mafuta na kwa kupaka kuta mara nyingi ni nywele za nguruwe, na kwenye mpini huandikwa "Hog" au "Bristle". Neno hilo la pili wakati mwingine hutumika hata kwa plastiki, kwa hiyo muulize muuzaji kabla hujalipa, au fanya lile jaribio la moto ukishafika nyumbani.

Kwa bahati njema kazi ndogo hazihitaji nguruwe. Nywele zake ni nene na ncha zake zimepasuka. Mstari mwembamba hautoki hapo. Anayechora vidogo hapotezi chochote kwa kuziacha.

Kuhusu kicheche na kindi, muulize sheikh unayemwamini, maana suala la nywele za mnyama asiyeliwa lina maelezo yake katika fiqhi na si langu kulitolea hukumu. Anayetaka kuwa na moyo mtulivu kabisa atumie plastiki nzuri, au ajitengenezee ya ng'ombe kama nilivyoeleza chini.

Nimeona brashi kutoka India zilizoandikwa "Mongoose". Ni nzuri?

Ni nywele za nguchiro. Ni imara na zina ncha nzuri, lakini usinunue. India inamlinda nguchiro kwa sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 1972, na biashara ya nywele zake ni haramu huko. Anayekuuzia anauza mzigo wa ujangili.

Niko Wete na hapa sioni duka la vifaa vya sanaa. Nifanyeje?

Nenda duka la vipodozi, dada. Brashi za kuchorea kucha zinauzwa kwa wasusi na wapambaji hata mahali ambapo hakuna anayejua maana ya rangi ya maji. Zile ndefu nyembamba za kuchorea maua kwenye kucha ni brashi za mistari kamili, ingawa nyingi ni plastiki. Zile nene zaidi za kujengea kucha za bandia mara nyingi huandikwa Kolinsky, na baadhi yake ni kweli. Zijaribu kwa maji kama nilivyosema. Chake Chake na Mkoani hali ni hiyo hiyo, na Unguja zimejaa Darajani.

Usichukue iliyokwisha kutumika kwa kucha. Dawa zile zinaganda kuliko akriliki.

Nachora majahazi. Kamba zake zinanishinda, mstari unakatika katikati.

Unahitaji brashi yenye nywele ndefu sana na nyembamba, inayoitwa riga. Ilipata jina hilo kwa wachoraji wa merikebu, waliokuwa wakiitumia kwa kamba za milingoti, kwa hiyo umefika penyewe. Namba 1 au 2 inatosha. Punguza rangi kwa maji mpaka iwe nyepesi kama wino, ijaze brashi, kisha vuta mkono wote kutoka begani, si vidole. Henza, ile kamba ya kupandishia tanga, ivute kutoka juu ya mlingoti kushuka chini bila kusita. Demani, ile kamba ya kushikia pembe ya tanga, ina ulegevu wake, iache nywele zenyewe zilegee kwenye kona. Ukisita utaona kidoti pale uliposimama.

Natumia rangi ya mafuta, nachora Tingatinga. Ushauri ni huo huo?

Hapana. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za kung'aa, zile za kupakia baiskeli, kwenye mbao laini za dari, na mpaka leo picha nyingi zinazouzwa vichochoro vya Mji Mkongwe ni za rangi ya jamii hiyo. Rangi ile ni nzito na inataka thina au mafuta ya taa kuoshea, na thina hukausha nywele za kicheche mpaka zikakatika. Tumia ya sikio la ng'ombe au plastiki ngumu kidogo. Vidoti vidogo vya manyoya ya ndege na madoa ya chui wengi huvitia kwa ncha ya kijiti, na vinatoka vizuri kuliko kwa brashi.

Brashi iliyoingia mafuta isirudi kwenye rangi ya maji. Zifunge uzi wa rangi mbili mipini, zisichanganyike.

Naiosha vipi?

Kwa maji ya baridi na sabuni laini. Sabuni ya mche inafaa, ya nazi au ya mwani ni bora zaidi; ya unga ni kali, inaondoa mafuta ya unywele. Weka sabuni kiganjani, zungusha brashi humo taratibu, suuza, rudia mpaka povu liwe jeupe. Maji ya moto yanalegeza gundi ya ndani na siku moja nywele zote zitakuja kwa pamoja.

Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na sabuni haitoi povu vizuri. Ukiweza, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua.

Kisha ichonge ncha kwa vidole, ilaze juu ya kitambaa mpaka ikauke. Usiiache imesimama kichwa chini kwenye gilasi ya maji, hata kwa muda wa kupokea simu. Ncha ikipinda imelowa, ikakauka imepinda, kuirudisha ni kazi.

Brashi zangu zimeota ukungu wakati wa masika. Nyingine zimeliwa.

Ukungu unatokana na kuzifungia zikiwa na unyevu. Kuanzia Machi mpaka Mei usiziweke kwenye boksi la plastiki lililofungwa. Zizungushie mkeka mdogo au kitambaa cha pamba, ziweke mahali panapopita hewa.

Zilizoliwa ni kazi ya funza wa nondo, wale wale wanaotoboa nguo za sufu. Wanapenda zaidi nywele chafu, kwa hiyo kuosha vizuri ndiyo kinga ya kwanza. Karafuu chache ndani ya kitambaa husaidia kumfukuza nondo asitage, lakini haziui mayai yaliyokwisha kutagwa. Fungua, kagua, anika kivulini kila baada ya wiki chache.

Ncha imefunguka. Imekufa?

Ioshe kwanza vizuri, maana mara nyingi ni rangi iliyokwama shinani. Ikishakuwa safi, ipake sabuni nzito, ichonge ncha, iache hivyo siku mbili tatu, kisha suuza. Nywele asilia husikia. Unywele mmoja mkaidi unaotoka nje uchomoe kabisa, usiukate kwa mkasi.

Naweza kujitengenezea mwenyewe?

Naam, na ningefurahi wengi wajaribu. Muombe muuza nyama sikio la ng'ombe. Nywele ndefu za ndani ya sikio ndizo unazozitaka, na kwa kuwa ng'ombe huyo amechinjwa, lile suala la sheikh halipo.

Kata nywele karibu na ngozi, zioshe kwa sabuni, zikaushe, chana ndogo ndogo zote zitoke. Zitie kwenye kifuniko chembamba cha kalamu, ncha zikitazama chini, gonga kifuniko juu ya meza mpaka ncha zote zilingane. Zitoe kwa uangalifu na uzifunge shinani kwa uzi, fundo lililokaza.

Shingo utaipata kwa kunguru. Hawa kunguru weusi wa mjini, walioletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, wanadondosha manyoya kila pahali, na brashi za zamani za Ulaya zilishikwa na mirija ya manyoya ya ndege hivyo hivyo, na zile ndogo zilitumia mrija wa kunguru. Osha unyoya kwa sabuni, kata kipande cha mrija, kiloweke kwenye maji ya vuguvugu kilainike. Pitisha fungu la nywele kutoka upande mpana, ncha zikitangulia, ulivute mpaka zitokeze upande mwembamba. Mrija ukikauka unajibana. Tia tone la gundi kwa nyuma, kisha chomeka kijiti cha chelewa ulichokichonga kikae sawasawa.

Ya kwanza itakuwa nene kuliko ulivyotaka. Punguza nywele, fanya nyingine.

Mwanangu yuko skuli, nimnunulie ya manyoya?

Bado. Mpe plastiki namba 4 na mfundishe kuosha. Akiacha kuisimamisha kwenye gilasi, mnunulie ya kicheche.

Nina pesa ya brashi mbili tu. Zipi?

Ya duara ya kicheche, namba 2, hata ikiwa ni ile ya Kichina yenye mpini wa mwanzi. Na riga moja ya plastiki, namba 1, kwa mistari mirefu. Ile pakiti ya brashi kumi na mbili yenye namba zote kuanzia 000 iache pale dukani.